Mita Mia Nane za Kigongo

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, wanachama wa klabu ya mbio ya Kirumba walikuwa wamekaa kwenye nyasi nje ya uwanja wa mpira, wakinyoosha misuli na kufuta jasho, ndipo mwenyekiti wao Tereza aliposimama na karatasi mkononi kutangaza viongozi wa mwendo kwa ajili ya mbio za Usagara.

"Saa mbili na nusu, mimi mwenyewe," alisoma. "Saa mbili na robo, Yakobo. Na wale wanaotaka kumaliza ndani ya saa mbili," akatua kidogo, akatabasamu, "mwaka huu mna bahati. Tunaye mtu wetu aliyekwisha kufika huko. Bendera atabeba fundi Pius."

Makofi yakapigwa. Pius Kashindye alikuwa ameinama, mikono imeshika vidole vya miguu, na hakuinuka. Alibaki vivyo hivyo, paji la uso likigusa magoti, damu ikimjaa masikioni, akiomba makofi yale yaishe.

Kiongozi wa mwendo si mtu wa mapambo. Hubeba kijibendera kilichoandikwa muda wake, na wanaomfuata hawatazami saa, wanamtazama yeye. Akifika kwa wakati, wamefika. Akichelewa, kazi yao ya miezi mitano imekwenda na maji. Na Pius alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale kwenye nyasi aliyelijua: hajawahi, hata siku moja katika maisha yake, kukimbia nusu marathoni ndani ya saa mbili.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, kwenye karakana ya mabati barabara inayoshuka kwenda soko la samaki la Mwaloni. Mbio alizianza kwa hofu. Miaka saba nyuma alipimwa presha kwenye zahanati, na mpimaji akarudia kipimo mara tatu kwa kudhani mashine imeharibika. Akaambiwa apunguze chumvi, apunguze tumbo, atembee. Kutembea kukamchosha akili, akajaribu kukimbia. Siku ya kwanza alikimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, akasimama, akaishika kama mlevi. Kesho yake nguzo mbili. Mwisho wa mwezi nguzo kumi. Akagundua kwamba yeye ni mtu wa kupewa nguzo. Ukimwambia "kimbia tu" atalala, lakini ukimwonyesha mahali pa kufika, hutamzuia.

Mwenzake wa siku hizo alikuwa Mwalimu Victor Odoyo, Mjaluo wa Rorya aliyekuwa akifundisha hesabu shule ya msingi, mtu mrefu mwenye magoti yanayogongana. Walikutana barabarani alfajiri moja, kila mmoja anajificha asionekane anavyohema. Tangu hapo wakawa pete na kidole. Walikimbia pamoja kwenda Pasiansi, wakapanda pamoja vilima vya Kiloleli, na kila mwaka mwezi wa nane wakaenda pamoja kwenye mbio za Usagara. Mwaka wa kwanza walimaliza kwa saa mbili na dakika thelathini na moja, wameshikana mikono. Mwaka wa pili, dakika kumi na nne. Kisha nane. Kisha nne. Siku moja mwanzoni kabisa, wakinywa chai, Odoyo alikuwa amepiga meza. "Ngosha," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita Pius, kwa neno la Kisukuma la mwanamume, "kabla hatujafika hamsini, mmoja wetu ataingia ndani ya saa mbili. Sijui nani. Lakini mwingine atamfuata."

Ahadi hiyo iliwaamsha kitandani miaka sita, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa sikia yaliyotokea mwaka uliopita.

Mbio zile huanzia njia panda ya Usagara, zikafuata lami hadi Kigongo, zikateremka kuelekea ziwani pale kwenye gati la zamani la kivuko, na huko chini ndiko kulikowekwa koni ya kugeuzia. Ukiizunguka, unaupanda tena mteremko ule ule na kurudi Usagara. Pius na Odoyo walianza vizuri. Kufika kilomita ya kumi Odoyo alikuwa mbele kama mita mia mbili, na Pius tumbo likamkata. Alikunja pembeni, akavuka barabara hadi nyuma ya kibanda kilichofungwa juu kabisa ya mteremko, akatapika maji na ndizi. Alipojifuta na kutoka upande wa pili wa kibanda, alijikuta yupo kwenye ukingo wa barabara wa wanaorudi. Kundi la watu wasiomjua lilikuwa linapita, nyuso zimeelekea Usagara. Hakuna msimamizi karibu. Mita mia nne za kushuka, mita mia nne za kupanda.

Alitazama chini ziwani. Akatazama saa yake. Akaingia kwenye kundi.

Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba kichwa kilikuwa kinazunguka, kwamba miguu ndiyo iliyoamua. Lakini alikumbuka vizuri kwamba alitazama saa kwanza.

Alimaliza kwa saa moja, dakika hamsini na saba na sekunde hamsini na mbili. Odoyo aliingia baada yake, saa mbili kamili na sekunde kumi na tisa, akaanguka chini, akatambaa, akaja kumkumbatia akilia. "Umetufikisha, ngosha! Ulinipita wapi? Mimi nilijua niko mbele!"

"Pale kwenye maji," Pius alisema. "Ulikuwa unakunywa."

"Sikumbuki hata kunywa," Odoyo akacheka, machozi yanamtoka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Pius ilipungua kwa mita mia nane kamili. Picha yake na medali ikasambaa kwenye grupu la WhatsApp, ikatundikwa sebuleni, ikatajwa hata kanisani. Na tangu siku ile miguu yake ikafa. Aliamka, akafunga kamba za raba, akakaa kwenye kiti cha nje hadi jua lichomoze, akazifungua. Angekimbilia nini? Nguzo aliyoifuata miaka sita watu walikuwa wameshamwambia ameifikia. Odoyo naye akaacha mbio mwezi wa kumi na mbili. Alisema umri umeshasema, akaanza kunenepa.

Ndiyo maana siku ile kwenye nyasi Pius hakuinua kichwa.

Alipanga kumwendea Tereza Jumatatu na kumwambia goti linamsumbua. Lakini Jumatatu hiyo, kabla hajawasha mashine, Evelina aliingia karakanani. Alikuwa nesi wa kituo cha afya, mwanamke wa miaka thelathini, mdogo wa umbo, ametoka zamu na bado amevaa sare.

"Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba, nesi. Geti limeharibika?"

"Hapana. Nimekuletea hii." Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Juu yake alikuwa amechora wiki kumi na tisa, kila wiki na kilomita zake, na chini kabisa, kwa wino mwekundu: 1:59. "Mwaka jana nilipata saa mbili na dakika sita. Mwaka juzi nilikuwa siwezi hata kupanda ngazi za wodini, baada ya ile mimba kuharibika. Kila nikitaka kulala chini nisiamke, naangalia karatasi. Wiki hii kilomita ngapi, basi. Nafanya za wiki hii tu." Akaongeza haraka, kama mtu anayeona aibu, "Nilikuwa naogopa kujaribu peke yangu. Tereza alipokutaja nilisema, sawa, huyu anaijua njia. Mimi nitatazama mgongo wake tu."

Maneno yalimfika Pius kooni. Goti linauma. Mafupi tu, mawili. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Wiki hii umeandika kilomita ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Basi kesho saa kumi na moja na nusu. Usichelewe."

Alipoondoka, Pius alikaa juu ya bomba za chuma. Alikuwa na wiki kumi na tisa za kugeuka kuwa mtu ambaye watu waliamini alishakuwa.

Hofu ni kocha mkali. Ilimwamsha kabla ya adhana, kabla ya jogoo. Alikimbia na Evelina na wengine watano asubuhi, na jioni akifunga karakana alikimbia tena peke yake, kisirisiri, kwenye vilima vya Kiloleli, hadi mawe yale makubwa yakawa yanamzunguka machoni. Alikwenda pia na daftari la kuandikia muda wake. Kilomita kumi kwa dakika hamsini na nane. Hamsini na sita. Hamsini na tano. Ili kufika ndani ya saa mbili alihitaji dakika tano na sekunde arobaini kwa kila kilomita, kilomita ishirini na moja, bila kulegea. Kumi aliziweza. Kumi na tano aliziweza kwa shida. Kila alipojaribu kumi na nane, kitu kilikatika ndani yake kama waya uliochomelewa vibaya, na mwendo ukaporomoka.

Mkewe Sabina alimtazama siku moja akivua soksi zilizolowa. "Baba Rose, zamani ulikuwa unakimbia kama mtu anayekwenda mahali. Sasa unakimbia kama mtu anayefukuzwa."

"Ni mazoezi."

"Nani anakufukuza?"

Akazikamua soksi. Akaenda kuoga.

Mwezi wa saba alikutana na Odoyo Mwaloni. Pius alikuwa amefuata sangara wa Jumapili, Odoyo amesimama mbele ya meza ya dagaa na mfuko mkononi, shati limembana tumboni. Walisalimiana kwa mikono miwili kama kawaida.

"Nasikia unawapeleka watu saa mbili," Odoyo alisema. "Vizuri. Wape moyo."

"Njoo na wewe, Mwalimu. Zimebaki wiki sita, lakini kwa miguu yako—"

Odoyo akatikisa kichwa. Alitazama dagaa, si Pius. "Nikuambie kitu ambacho hata mke wangu sijamwambia? Siku ile nilikimbia hadi mwisho wa uwezo wangu. Sikubakiza hata tone. Nikakosa kwa sekunde kumi na tisa. Hilo si tatizo, sekunde zinatafutwa. Tatizo ni wewe. Wewe niliyekuacha nyuma miaka yote kwenye milima, ulinipita bila mimi kukuona. Nikasema, kama sikumwona mtu akinipita, basi akili yangu imezeeka kuliko miguu. Nikaacha." Akacheka kidogo. "Usinihurumie. Nilifurahi kwa ajili yako."

Wauzaji walikuwa wanapiga kelele, mikokoteni inapita, na Pius alisimama katikati na samaki wake. Akafungua kinywa. "Mwalimu," alisema.

"Naam?"

Mama mmoja mwenye beseni kichwani akapita kati yao akiomba njia. Alipokwisha kupita, Pius akasema, "Msalimie Mama Akumu."

Akaondoka amekunja shingo. Kesho yake alfajiri alikimbia kilomita kumi na nane kwa mwendo unaotakiwa, mara ya kwanza, akatapikia mtaroni.

Siku ya mbio walikusanyika Usagara kabla ya saa kumi na mbili. Malori yalikuwa yamesimamishwa, polisi wa barabarani wanapuliza filimbi, na baridi ilikuwa ile ya kiangazi inayoingia kwenye kwapa. Pius alifungwa bendera mgongoni. Walimzunguka watu sita, Evelina kulia kwake, amejiandikia namba kwa kalamu mkononi.

"Naangalia mgongo tu," alimkumbusha.

"Angalia mgongo," Pius alisema, akikaza mikanda ya bendera.

Filimbi ikalia.

Kilomita za kwanza zilikuwa za kujizuia. Watu waliwapita kwa fujo, na Pius akanyoosha mkono kuwarudisha wenzake. Kilomita ya tano, dakika ishirini na nane na sekunde ishirini. Sawasawa. Ya nane, sawasawa. Wanakijiji walikuwa wametoka barabarani, wengine na miswaki mdomoni, wanapiga kelele wakiiona bendera. Nyuma yake alisikia pumzi sita na hatua sita, na kila hatua ilimwambia: tunakuamini, tunakuamini. Alitamani wanyamaze.

Kisha kibanda kikatokea. Kilikuwa wazi mwaka huu, mtu anauza maandazi. Pius akakaza macho mbele, na kwa mara ya kwanza tangu uongo ule akateremka mteremko. Ziwa lilikuwa jeupe chini, na daraja refu limenyooka kuelekea Busisi. Koni ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Pembeni yake dada mmoja alikuwa anagawa tepe za rangi ya chungwa, utaratibu mpya wa mwaka huu, kila anayegeuka avae moja mkononi. Pius alinyoosha mkono akapokea. Saa ilisoma dakika hamsini na tisa na sekunde arobaini na nne.

"Tuko vizuri!" Evelina alipumua.

Kupanda kuliwagharimu. Wawili walibaki nyuma. Kilomita ya kumi na tatu walirudisha sekunde nane, ya kumi na tano wakawa sawasawa tena, lakini jua lilikuwa limeshika lami na Pius alianza kuhisi ule waya. Kwanza paja la kushoto. Kisha mgongo. Kilomita ya kumi na saba iliisha kwa sekunde tisa za ziada. Alijaribu kuongeza hatua, hatua hazikuja. Mbele yake barabara ilipanda taratibu, ndefu, bila huruma.

Akajua. Hakuna mtu aliyemwambia, mwili ulimwambia. Akiendelea kuwaongoza, atawaua wote wanne waliobaki, na hawatajua hadi wafike mstarini, kwa sababu hawakuwa wakitazama saa. Walikuwa wakitazama mgongo wake.

"Evelina."

"Naam."

"Chukua bendera."

"Nini?"

"Chukua. Ongeza mwendo. Tumechelewa sekunde ishirini. Mimi siwezi."

Alikuwa anahangaika kuivua huku akikimbia, mikanda imenasa. Evelina alimtazama kwa macho makubwa. "Baba Rose, zimebaki tatu tu! Wewe mwaka jana—"

"Mwaka jana sikufika chini." Ilimtoka kama matapishi. "Niligeukia kwenye kibanda. Kwenye koni sikufika. Sijawahi kuingia ndani ya saa mbili. Nenda!"

Kwa hatua kama kumi hivi Pius alisikia raba zao tu, pa, pa, pa. Kisha mkono wa Evelina ukainyakua bendera, ukaivuta hadi mkanda ukakatika. Hakuivaa. Aliinyanyua juu mkononi.

"Nifuateni!" aliwapigia kelele wale watatu, na sauti yake ilikuwa ya nesi anayeamrisha wodi nzima. "Msimtazame yeye! Nifuateni mimi!"

Wakaondoka. Pius akawatazama wakipungua, bendera inayumba juu ya vichwa, hadi kona ikawameza. Angeweza kutembea sasa. Hakuna aliyemtegemea tena. Lakini jambo la ajabu ni kwamba hakutembea. Maumivu yalikuwa yale yale, ila kifua kilikuwa kimefunguka, na alikimbia kilomita tatu zile vibaya, kwa kuchechemea, kila hatua yake mwenyewe. Alivuka mstari kwa saa mbili, dakika moja na sekunde sita. Hakuwahi kukimbia nusu marathoni kwa haraka namna hiyo.

Evelina alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, chupa ya maji kati ya magoti. Saa moja, dakika hamsini na tisa, sekunde thelathini na nane. Wawili kati ya watatu walifika naye. Wa tatu alikosa kwa sekunde tano, na alikuwa amejilaza chini ya mti akiwa amefunika uso kwa fulana. Pius alipomwona huyo, aligeuza macho.

Alikwenda akasimama mbele ya Evelina. "Hongera," alisema.

Hakumpa mkono. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Mwalimu Odoyo?"

"Hajui."

Evelina alikunywa maji, akayatema pembeni. "Nimefurahi hata sijui niseme nini, na nina hasira nawe hata sijui niseme nini. Sitamwambia Mwalimu. Hilo ni lako. Lakini usinifanye ninyamaze siku nyingi. Mimi nikikaa na kitu rohoni naumwa."

Alasiri ile ile Pius alikwenda kwa Odoyo, hajabadilisha hata soksi. Alimkuta barazani amezungukwa na madaftari ya wanafunzi, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Pius alikataa kiti. Akaeleza yote akiwa amesimama: tumbo, kibanda, kundi, saa. Hasa saa. Alipofika pale kwenye uongo wa maji, Odoyo alivua miwani.

"Rudia hapo."

"Nilikuambia nilikupita ukinywa maji. Hukunywa. Sikukupita."

Odoyo aliifuta miwani kwa ncha ya shati. Ndani, mkewe, Mama Akumu, alikuwa anaosha vyombo, navyo vyombo vikaacha kulia. "Mwaka mzima," Odoyo alisema hatimaye, polepole, "nimejiuliza nilikunywa maji saa ngapi." Akavuta daftari, akaligeuza nyuma, akaanza kuandika. "Kibanda hadi koni, mita ngapi?"

"Mia nne."

"Kwenda na kurudi, mia nane. Kwa mwendo wako wa siku ile..." Kalamu ilitembea. "Dakika nne na nusu na kidogo. Ungemaliza kwa saa mbili na dakika mbili na nusu." Akapigia mstari chini mara mbili, kama anavyofanya kwenye hesabu za watoto. "Mimi nilikuwa na sekunde kumi na tisa. Kwa hiyo nilikushinda."

"Ulinishinda."

"Na akili yangu ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, Mwalimu. Nisamehe."

Odoyo aliweka kalamu chini, akaipanga sambamba na daftari. "Toka kwangu, Pius," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kumwita kwa jina. "Tafadhali. Kabla sijasema la mtu mzima kujutia."

Pius akatoka.

Jioni alimweleza Sabina, naye hakupiga kelele. Alikwenda ukutani akaitoa picha, akaifuta vumbi kwa kanga, akaiweka kabatini imelala kifudifudi. Jumamosi iliyofuata Pius alisimama kwenye nyasi za uwanja, mbele ya watu wote, akasema kweli. Wapo waliocheka kwa aibu, wapo waliotazama ardhi. Yule aliyekosa kwa sekunde tano aliinuka akaondoka, na hakurudi klabuni kwa mwezi mzima. Tereza alifuta muda ule wa mwaka jana kwenye orodha akasema kwa ukavu kwamba bendera mwakani atabeba Evelina. Kisha akasema, "Haya, simameni, tunakwenda Pasiansi," na Pius alikimbia nyuma kabisa, peke yake, hakuna aliyemsubiri.

Lakini alikimbia. Na Jumatatu alikimbia tena. Aliandika kwenye daftari lake, kwa mkono wake: saa mbili, dakika moja, sekunde sita. Chini yake akaacha nafasi.

Wiki tatu zilipita bila neno kutoka kwa Odoyo. Ya nne, alfajiri ya Jumatano, Pius alikuwa anakata kona ya uwanja alipomwona mtu mrefu ameegemea ukuta, raba za zamani miguuni, fulana imepanda juu ya tumbo. Pius akapunguza mwendo. Akasimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama mbwa amefungwa.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri." Odoyo hakutoa mkono. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Nilikuja kukimbia, sikuja kwako. Ila barabara ni moja."

Wakaanza. Odoyo alikuwa mzito, magoti yanagongana kuliko zamani, na baada ya kilomita moja na nusu alikuwa anahema kama mvukuto. Pius hakumpita, hakubaki nyuma. Karibu na njia ya Pasiansi Odoyo alisimama, mikono kiunoni, jasho linamdondoka puani.

"Basi. Nimekwisha." Alitema mate. "Sekunde kumi na tisa. Unajua sekunde kumi na tisa ni kitu gani? Ni kufunga kamba ya raba."

"Zinatafutwa."

"Nyamaza, nahesabu." Odoyo alitazama barabara ya kurudi Kirumba, akikunja vidole kimoja kimoja. "Wiki hii, kilomita tatu bila kusimama. Mwisho wa mwezi, tano. Krismasi, kumi. Usinikimbilie mbele, na usinipe moyo. Sipendi kupewa moyo."

"Sawa."

"Na Ijumaa usichelewe."

Walirudi wakitembea, kila mmoja upande wake wa barabara, kwa sababu malori ya samaki yalikuwa yameanza kupita.